Barghash bin Said: Sultani aliyeijenga Forodhani huku bara ikimponyoka

ZANZIBAR: Mfanyabiashara anayevusha mzigo Horohoro, Holili, Namanga au Sirari anaijua forodha kwa namna inavyougusa mfuko wake. Unguja, neno hilo limegeuka kuwa jina la mahali. Forodhani ni kipande kifupi cha ufuko mbele ya Mji Mkongwe, kati ya Ngome Kongwe na majumba ya kifalme, na mtu hukimaliza kwa mwendo wa dakika chache. Siku hizi watu huenda pale jioni kula urojo, mishikaki na pweza, na vijana hujirusha baharini kutoka ukutani. Karne moja na nusu iliyopita, pembe za ndovu kutoka Tabora, Ujiji na Manyema, karafuu za Pemba na vitambaa vya Marekani vilipimwa, vikahesabiwa na kutozwa ushuru hapo hapo.

Sura ya ufuko huo kama unavyoonekana leo ina deni kubwa kwa mtu mmoja, Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Aliupa mji maji, meli za mvuke, sarafu na jumba kubwa kuliko yote yaliyokuwako katika pwani hii wakati wake. Katika miaka hiyo hiyo 18 ilichorwa mistari ambayo wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya bado wanaivuka wakiwa na hati mkononi. Barghash hakuitwa kwenye meza iliyoichora.

Mwana aliyetaka kiti

Barghash alizaliwa Unguja mnamo 1837, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Alikulia katika majumba ya ufukoni, ambako kutoka dirishani mtoto aliona majahazi yakiingia na msimu wa kaskazi na kuondoka na kusi.

Oktoba 1856, Seyyid Said alifariki dunia baharini akiwa njiani kurudi kutoka Oman. Barghash alikuwa ndani ya meli hiyo. Alipofika Unguja alijaribu kumzika baba yake usiku, kimya kimya, ili ashike mji kabla ndugu zake hawajapata habari. Mpango ulishindikana. Kiti cha Zanzibar kikaenda kwa kaka yake, Majid, na Oman ikabaki kwa kaka mwingine, Thuwaini.

Hakukata tamaa. Mwaka 1859 aliongoza uasi akiungwa mkono na ukoo wa Al-Harthi na baadhi ya dada zake. Mmoja wao, Salme, aliyekuwa bado msichana, ndiye aliyewaandikia barua za siri kwa sababu alijua kuandika. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, alitoroka akiwa amevaa mavazi ya kike na kukimbilia shamba la Marseille nje ya mji. Majid aliomba msaada wa Waingereza, na wanamaji wao walisaidia kuuzima uasi. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay.

Alikaa India takriban miaka miwili. Huko aliuona mji wa bandari wenye taa, mabomba ya maji, reli na ofisi zinazofanya kazi kwa saa. Aliona pia namna Waingereza wanavyotawala watu wengi kwa kuwatumia maofisa wachache, manowari na mikataba. Alirejea Unguja mwaka 1861 na kukaa kimya. Majid alipofariki Oktoba 1870 bila mtoto wa kiume, zamu yake ilifika.

Banda lililolisha dola

Dola aliyoirithi Barghash ilitegemea biashara kuliko jeshi. Alikuwa na liwali katika miji mikubwa ya pwani, kutoka Mogadishu hadi mipaka ya Wareno kusini, na watu wake Tabora. Nguvu yake bara haikupimwa kwa ngome wala askari. Ilipimwa kwa misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani, Mombasa na Kilwa, na kwa wazee wa njiani waliokubali kuwa njia hizo zinaishia kwa Sultani wa Unguja.

Kitovu cha yote hayo kilikuwa forodha. Kwa miaka mingi jengo lenyewe lilikuwa banda la kawaida pembeni mwa ngome, likiwa na kelele za wapagazi, mizani na marundo ya mizigo mchangani. Fedha iliyoendesha dola ilipita hapo.

Mfumo wake ungemshangaza mfanyabiashara wa leo. Sultani hakuwa na mamlaka ya mapato yenye watumishi wa serikali. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara mkubwa, ambaye alimlipa kiasi walichokubaliana kwa mwaka na kubaki na chochote kilichozidi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kutch. Mwaka 1876 Barghash alimpa Tharia Topan, naye mwenye asili ya Kutch, aliyefika Unguja akiwa mdogo na kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji.

Kwa bidhaa zilizoletwa na meli za kigeni, ushuru ulikuwa asilimia 5. Kiwango hicho kilifungwa na mikataba ambayo Seyyid Said alitiliana saini na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Kwa mgeni lilikuwa jambo jema: analipa mara moja, anajua kiasi, na haongezewi tozo nyingine juu yake. Kwa Sultani ilikuwa kamba shingoni. Hata hazina ikipwaya, hakuweza kupandisha ushuru bila ridhaa ya mataifa hayo. Kilichobaki mikononi mwake ni mali ya bara yenyewe, hasa pembe za ndovu, ambayo ilitozwa kwa frasila na kwa viwango tofauti kulingana na sehemu ilikotoka.

Mikopo nayo ilianzia ufukoni. Wahindi wa Unguja walimpa mwenye msafara vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki kwa mali kauli, naye akaenda bara miaka miwili au mitatu kabla ya kurudi na pembe. Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar aliyefika hadi Manyema katika Kongo ya leo, alipata mtaji wake kwa Tharia Topan. Msafara ukipotea, hasara ilisikika hadi Bombay.

Dhoruba na mkataba

Mwaka wa pili wa utawala wake ulikaribia kummaliza. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, jambo ambalo ni nadra katika latitudo hiyo. Meli zilizotia nanga bandarini zilivunjika au kutupwa ufukoni, zikiwamo za Sultani. Mikarafuu iling'oka kwa wingi, na sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja ikateketea. Pemba haikuguswa sana. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba jina la karafuu, na mpaka leo hali ni hiyo.

Kabla hajapata nafuu, Januari 1873 alifika Sir Bartle Frere akitumwa na serikali ya Uingereza, na madai yake yalikuwa kusitishwa kwa biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa. Aliona kwamba mashamba yamekwisha, wenye mashamba wana madeni, na Waarabu waliomweka kitini wangeweza kumgeuka. Juni mwaka huo Balozi Mdogo wa Uingereza, John Kirk, alimletea ujumbe mfupi: asaini, au manowari zifunge kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alisaini. Usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari ukapigwa marufuku na masoko yao yakafungwa, likiwamo la Mkunazini, mahali linaposimama leo Kanisa Kuu la Anglikana.

Hapa historia yake haipambiki. Mji wa mawe unaovutia watalii ulijengwa na kuendeshwa kwa jasho la watumwa, na familia ya kifalme ilikuwa miongoni mwa wenye watumwa wengi. Mkataba wa 1873 uliifunga bahari, lakini haukumwachia huru aliyekuwa tayari shambani. Magendo yaliendelea kwa njia za panya za wakati ule: watumwa walitembezwa kwa miguu kando ya pwani, kisha wakavushwa usiku kwa mashua hadi Pemba, ambako karafuu zilihitaji mikono. Mwaka 1876 Barghash alitoa amri mbili za kuzuia misafara hiyo ya nchi kavu. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, yeye akiwa kaburini miaka tisa.

Mkataba huo ulileta mabadiliko mengine yaliyojificha. Kuanzia siku hiyo, Sultani aliyekuwa adui wa Waingereza alimtegemea Kirk kwa karibu kila jambo. Mwaka 1875 alialikwa Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria na kuzungushwa katika miji ya viwanda. Njiani kurudi alipita Paris na Misri. Mwaka huo huo jeshi la Khedive wa Misri liliteremka Barawa na Kismayu, katika Somalia ya leo, na Waingereza ndio waliolishinikiza liondoke. Barghash aliona kwamba kinga hiyo inafanya kazi. Hakuona, au hakutaka kuona, kwamba mwenye kinga anaweza kuiondoa siku akitaka.

Maji, meli na nyumba ya maajabu

Aliyoyaona Bombay, London, Paris na Cairo aliyaleta nyumbani. Mji wa Zanzibar ulikuwa ukitegemea visima vyenye maji ya chumvichumvi na uchafu, na kipindupindu kiliwahi kuua watu kwa maelfu. Barghash alivuta maji safi kutoka chemchemi nje ya mji hadi mjini, na wananchi wakachota bila kulipa. Kwa mabaharia ilikuwa neema, na kwa mama wa Malindi au Shangani ilimaanisha maji ya kunywa karibu na mlango.

Alijenga hamamu kwa ajili ya watu wa mji, na mtaa ulioizunguka ungali ukiitwa Hamamni. Alijenga majumba ya mapumziko Chukwani na Maruhubi. Alianzisha kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya fikihi na elimu ya Kiibadhi. Mwaka 1882 alitoa sarafu zenye jina lake, za fedha na za shaba, katika soko ambalo mfanyabiashara alilazimika kujua thamani ya riyali ya Maria Theresa, rupia ya India na dola ya Marekani kwa wakati mmoja.

Baharini nako alibadilisha mambo. Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869 kulifupisha njia ya Ulaya, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za meli ya barua hadi Unguja. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari uliunganisha Zanzibar na Aden, na kupitia hapo na dunia. Bei ya pembe London sasa ilifika Unguja kwa muda mfupi badala ya miezi. Barghash naye alinunua meli zake za mvuke, zikasafirisha abiria na mizigo hadi Bombay, na mara nyingine mahujaji. Wenye majahazi walilalamika kwamba Sultani anashindana nao. Bei ya usafirishaji ilishuka, na mchele wa India ukafika kwa urahisi zaidi.

Kilele cha kazi yake kilisimama mwaka 1883 mbele ya bahari: Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu. Ilikuwa na ghorofa pana, baraza zilizozunguka pande zote juu ya nguzo ndefu za chuma, sakafu za marumaru na milango mikubwa ya kuchongwa. Ndilo jengo lililoingiza taa za umeme kwanza Zanzibar. Mbele yake ulisimama mnara uliokuwa pia taa ya kuongozea meli. Madaraja yaliliunganisha na majumba mengine ya kifalme, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ili watu wa ndani wapite bila kushuka barabarani.

Haikuwa nyumba ya kulala. Ilikuwa nyumba ya sherehe na mapokezi, iliyokusudiwa kuonekana kutoka baharini. Nahodha wa Kijerumani, Kiingereza au Kimarekani akiingia bandarini angekutana nayo kabla ya kitu kingine chochote, na angejua kwamba hapa pana dola. Swali lililobaki ni dola hiyo inafika wapi.

Bara bila mpaka

Majid alikuwa ameanza kujenga mji mpya bara, Dar es Salaam, katika miaka ya 1860. Barghash aliuacha mradi huo ukaota majani. Akili na fedha zake zilibaki kisiwani. Lakini bara haikuacha kumsumbua.

Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aligombana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Pembe zilichelewa, bei ikapanda, na wenye mali kauli Unguja wakakosa usingizi. Barghash alituma askari, lakini hawakumng'oa Mirambo. Miaka ya baadaye aliunda jeshi dogo la kisasa chini ya Mwingereza, Lloyd Mathews. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa dola yake bara iliendelea kuwa ile ile ya zamani: ya mikopo, zawadi, ndoa, barua na heshima. Kwa mfanyabiashara ilitosha. Aliweza kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika na kuvuka kwenda Manyema akizungumza Kiswahili na kutumia bidhaa zile zile, akilipa hongo kwa mtemi mmoja baada ya mwingine, bila kukutana na mstari wowote ardhini.

Kwa mataifa ya Ulaya haikutosha. Wao walitafuta bendera, mikataba na ofisi. Mwaka 1877 na 1878 Mwingereza mwenye meli, William Mackinnon, alijadiliana na Barghash ili akodishiwe utawala wa bara pamoja na forodha zake. Mazungumzo yalivunjika. Mlango ukabaki wazi bila mlinzi.

Mistari yachorwa

Novemba 1884 kijana wa Kijerumani, Carl Peters, alifika Unguja na wenzake wachache, kisha akavuka kwenda bara. Kwa wiki chache walikusanya alama za machifu wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami kwenye karatasi ambazo wengi wao hawakuweza kuzisoma. Machifu hao, kwa mujibu wa karatasi hizo, walikuwa hawamtambui Sultani. Peters alirudi Berlin, ambako mataifa ya Ulaya yalikuwa mkutanoni kuhusu Afrika. Zanzibar haikuwa na kiti pale. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake.

Barghash alipinga kwa simu ya waya moja kwa moja hadi Berlin. Alimtuma Mathews Kilimanjaro, ambako machifu wa huko na wa Taita walitangaza utii kwa Sultani. Wajerumani walijibu kwa manowari. Agosti 1885 meli zao za kivita zilijipanga mbele ya Forodhani, mizinga ikiielekea ile nyumba iliyojengwa ili ionekane kutoka baharini. Katika msafara wao walimleta pia Salme, dada yule aliyemwandikia barua za uasi, ambaye sasa aliitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na Mjerumani na kubadili dini. Alikuja kudai urithi wake. Barghash alikataa kumwona.

Aligeukia kinga yake ya zamani, na safari hii haikuwepo. London ilihitaji urafiki wa Ujerumani katika mambo mengine, na Kirk aliagizwa amshauri Sultani akubali. Rafiki wa miaka 12 ndiye aliyepeleka ujumbe. Barghash alikubali.

Ikaundwa tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ipite pwani kuchunguza wapi Sultani anatawala kweli. Mwenyewe hakuwa na mjumbe mwenye sauti ndani yake. Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana: Sultani aachiwe Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, yaani kama kilomita 16, hadi Kipini, na miji kadhaa ya Benadir. Nyuma ya ukanda huo bara iligawanywa kwa mstari ulioanzia karibu na mdomo wa Mto Umba, ukapinda kuuzunguka Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini na kuishia Ziwa Victoria. Kaskazini kwa Waingereza, kusini kwa Wajerumani. Desemba 1886 Barghash aliweka saini yake chini ya makubaliano hayo.

Mstari huo, kwa sehemu kubwa, ndio mpaka wa Kenya na Tanzania. Horohoro na Lunga Lunga, Holili na Taveta, Namanga, Sirari na Isebania ni vituo vilivyokuja baadaye juu ya njia ambazo wapagazi na wachuuzi walipita zamani bila kujua kwamba wako upande wowote. Tippu Tip, aliyekuwa akidhani anaishika Manyema kwa niaba ya Sultani, aliposhuka Unguja alielezwa na Barghash mwenyewe kwamba hana tena uwezo wa kuishikilia bara. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Upande ule nao ukapata mpaka wake.

Siku za mwisho

Mwaka 1887 ulikuwa wa kufunga hesabu. Februari Wareno waliiteka Ghuba ya Tungi upande wa kusini. Mei 24 Barghash aliikodisha kwa miaka 50 pwani ya kaskazini, kutoka Umba hadi Kipini, kwa kundi la Mackinnon, yule yule aliyemkatalia miaka tisa nyuma. Forodha za Mombasa na bandari jirani zikatoka mikononi mwake kwa malipo ya mwaka. Afya yake ilikuwa imedhoofika. Alisafiri Oman kutafuta nafuu katika maji ya moto ya huko, na Machi 1888, muda mfupi tu baada ya kurejea Unguja, alifariki dunia akiwa na umri wa takriban miaka 50. Alizikwa karibu na baba yake, katika makaburi ya kifalme jirani na majumba ya ufukoni.

Mrithi wake, Khalifa, alikabidhi pwani ya kusini kwa kampuni ya Wajerumani mwezi uliofuata. Wajerumani waliposhusha bendera ya Sultani na kuanza kukusanya ushuru wenyewe Agosti 1888, watu wa Pangani na Bagamoyo waliinuka chini ya Abushiri. Vita ile ilikuwa na sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa ni nani ana haki ya kukaa mezani forodhani. Mwaka 1890 Zanzibar yenyewe iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Agosti 25, 1896, mtoto wa Barghash, Khalid, alijitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza na kujifungia katika majumba ya baba yake. Manowari zilipiga kwa muda usiofika dakika 45. Beit al-Hukm ilibomoka, mnara wa mbele ukaharibika, na meli Glasgow, fahari ya Barghash, ikazama pale pale bandarini. Nyumba ya Maajabu ilibaki imesimama, na baadaye ikapewa mnara wa saa ulioungana na ukuta wake wa mbele. Khalid alikimbilia Dar es Salaam kwa Wajerumani, akaja kuhamishwa hadi St Helena na Shelisheli, na akafia Mombasa mwaka 1927.

Gati lilipohamia Malindi, Forodhani ilibaki na jina lake peke yake. Mahali pa mizigo pakawa bustani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lakini chumvi, mvua na kuchelewa kwa matengenezo havikuiogopa hadhi hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib ikiwa katika ukarabati, sehemu ya mbele pamoja na mnara wake iliporomoka na kuua watu wawili. Mtaa mdogo wa historia huhitaji fundi kila mwaka, si kila karne.

Ukanda wa maili 10 nao ulidumu kwa muda mrefu. Mombasa na pwani ya Kenya ziliendelea kuhesabiwa kisheria kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963, Kenya ilipopata uhuru. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kufanya kazi mwaka 2005, miaka 119 baada ya mstari wa Umba kuchorwa, na kazi yake mojawapo ni kuufanya mstari huo upungue uzito kwa mwenye mzigo. Safari hii nchi zenye mpaka ndizo zinazokaa mezani.

Barghash alijenga vizuri alichokiona kutoka dirishani kwake. Kule nyuma ya upeo wa macho, ambako utajiri wake ulitoka, aliacha mambo yaende kwa mazoea, akitegemea rafiki mwenye manowari. Anayesubiri muhuri Holili au Lunga Lunga leo, akiwa na gunia la vitunguu au marobota ya vitenge, anasimama juu ya hesabu ambayo Forodhani haikuifunga.